Re: Bodi inakataa namba yangu mpya ya simu

Kutoka: Mwanaidi, Leicester
Jumatatu 13 Novemba 1995

Ndugu zangu, salaam. Ofisi ya malazi ya chuo imeninyima laini ya moja kwa moja. Simu zote za vyumbani zinapitia swichibodi (mtambo wa chuo wa kuunganisha simu), na karani anasema fomu ya kuomba laini ni ya wafanyakazi tu. Huku nako bodi ya London, yaani kompyuta tunayoipigia kwa laini ya simu kusoma barua na kushusha faili, inataka kila mtu athibitishwe upya: unaingia, inakata, kisha inakupigia. Kwenye mipangilio yangu bado ipo namba ya zamani ya 0533. Nikiweka mpya, programu ya kuthibitisha inaikataa kwa sababu inataka tarakimu 10, 3-3-4 kama Marekani. Tangu Aprili namba za Leicester ni 0116 na tarakimu 7 mbele yake, jumla 11. Niiandikeje ipite? Kwa sasa niko ngazi ya mgeni, dakika 20 kwa siku, faili sishushi. Na menyu zote zimejaa vitu kama [1;33m.

Kutoka: Kassim, Reading
Jumatatu 13 Novemba

Dada Mwanaidi, hizo [1;33m ni amri za rangi za ANSI. Bodi inazituma, programu yako haizielewi, basi inazichapa kama maandishi. Bonyeza Y kwenye menyu kuu, utakuta mipangilio yako, uzime rangi. Na urefu wa skrini weka 24, usiweke 25. Mstari wa 25 unachukuliwa na programu yako kuonyesha hali ya laini, kwa hiyo ukiiambia bodi 25, mstari wa juu wa kila ukurasa unapotea kabla hujausoma.

Kutoka: Njeri, Toronto
Jumanne 14 Novemba

Kassim, tafadhali usimpoteze dada. Y ni ya Wildcat, programu nyingine ya kuendesha bodi. Bodi ya London ni PCBoard, na huko Y inatafuta barua ulizoandikiwa, atakaa anangoja dakika zake ziishe. Kwenye PCBoard kila kitu kina herufi yake: M kuwasha na kuzima rangi, P urefu wa ukurasa, T itifaki, yaani njia ya kushusha faili, X kuficha menyu ndefu ukishazizoea, W kubadili mji, neno la siri na namba za simu. Kwenye W namba ni mbili, ya data na ya sauti.

Tena kuzima rangi si dawa. Mwanaidi, unatumia Terminal, programu ya kupigia bodi iliyomo ndani ya Windows 3.1? Hiyo haina rangi wala mistari ya masanduku, na itifaki zake ni Xmodem na Kermit tu. Tafuta Telix, programu kama hiyo ya DOS, chagua ANSI, kisha Alt-P uweke 8-N-1 (biti 8 za data, bila ukaguzi wa usawa, biti 1 ya kusimama). Ukiwa na Windows 95, HyperTerminal inafaa, ila badilisha fonti iwe ile iitwayo Terminal, la sivyo masanduku yatakuja kama herufi zenye alama juu.

Kutoka: Mrisho, London
Jumanne 14 Novemba

Bibi Njeri amesema kweli kuhusu PCBoard. Naongeza ya modemu, kifaa kinachounganisha kompyuta na simu, maana kama ilinunuliwa Marekani haiutambui mlio wa swichibodi, inajibu NO DIALTONE na kukaa kimya. Weka amri ATX3: itapiga bila kungoja mlio lakini itatambua laini ikiwa na mtu. Usiweke X1, hiyo haitambui hata hilo, itangoja bure. Halafu andika 'ATDT9,' pamoja na namba ya bodi: 9 inaomba laini ya nje. Koma ni kupumzika sekunde mbili hadi laini ya nje ifunguke. Bodi ikikata ili ikupigie, usifunge programu. Andika ATS0=1 modemu ipokee yenyewe mlio wa kwanza.

Kwenye T chagua Zmodem. Ymodem-G ni ya kasi lakini hairudii kipande kilichoharibika. Kosa moja tu na faili zima linakufa. Haifai bila modemu yenye V.42 au MNP (kanuni za kusahihisha makosa) pande zote mbili. Na kama Zmodem yenyewe inalia makosa ya CRC (hesabu ya kuhakiki data) kila dakika, tatizo si bodi. Angalia RTS/CTS (ishara za kusimamisha na kuendelea kutuma) imewashwa, na chipu ya bandari (tundu la modemu kwenye kompyuta) ni 16550A. Ile ya zamani, 8250, inabeba herufi moja tu kwa wakati. Kompyuta ikichelewa kuichukua, inayofuata inaifuta.

Kutoka: Kassim, Reading
Jumatano 15 Novemba

Sawa Njeri, nimekuelewa kuhusu Y. Lakini Toronto simu za mjini hamlipi kwa dakika. Sisi huku mita inakimbia, nafuu ni baada ya saa kumi na mbili jioni na wikendi. Mtu asisome barua laini ikiwa wazi! Ashushe furushi la QWK (barua zote kwenye faili moja), akate, asome na kujibu akiwa nje ya laini, kisha apandishe REP, faili la majibu yake. Mzigo ukiwa ZIP ni dakika chache. Kichwa cha barua kisizidi herufi 25, QWK inakata zinazobaki.

Kutoka: Mwanaidi, Leicester
Jumatano 15 Novemba

Ahsanteni sana, Telix imeondoa takataka zote. Lakini namba je? Nikiacha sifuri ya mwanzo zinabaki 10. Bodi itajua kuirudisha? Na hata ikipiga, atakayepokea ni mtu wa swichibodi, si modemu yangu.

Kutoka: Mrisho, London
Alhamisi 16 Novemba

Hilo la sifuri linategemea msimamizi alivyopanga upande wake. Wenzangu, kuna mwenye habari za Dar? Nasikia wanarudia kura ya uchaguzi mkuu tarehe 26.

Kutoka: Njeri, Toronto
Alhamisi 16 Novemba

Ni tarehe 19, Jumapili hii, majimbo yote ya Dar es Salaam. Jirani zetu wanastahili kura iliyohesabiwa sawasawa, Zanzibar pia, na inauma kuifuatilia kwa mbali hivi. Anayetaka matokeo mapema achague mkutano (ukumbi wa barua) wa Afrika Mashariki kwenye mipangilio ya QWK kabla ya Jumamosi usiku, na arudishe kiashiria cha barua ya mwisho aliyosoma nyuma kidogo. Kikiwa mbele, furushi litakuja tupu.