Magarini tulikaa mwaka na nusu bila mbunge. Nani anajibu?

Jamani, nimenyamaza vya kutosha. Kila nikisikia mtu akisifu uchaguzi mdogo wa Novemba 27, 2025, eti ulikwenda shwari na demokrasia imekomaa, damu inanichemka. Mei 2024 Mahakama ya Juu ilithibitisha kubatilishwa kwa uchaguzi wetu wa 2022 hapa Magarini, eneo bunge la Kaunti ya Kilifi, Kenya. Kifungu cha 101 cha Katiba kinasema kiti kikibaki wazi, uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90. Sisi Magarini tumepiga kura baada ya mwaka mmoja na nusu! Na mpaka leo sijamwona kiongozi hata mmoja aliyesimama Marafa au Gongoni akasema, "Watu wa hapa, poleni, tuliwakosea."

Kwa wasiojua tulikotoka: mwaka 2022 Harrison Garama Kombe wa chama cha ODM alitangazwa mshindi kwa kura 11,946. Stanley Kenga wa UDA, chama cha Rais Ruto, akapewa 11,925. Tofauti ya kura 21. Watu 21 wanaenea chini ya mwembe mmoja. Kenga akaenda kortini, na hiyo ni haki yake. Kesi ikaanzia Mahakama Kuu Malindi, ikapanda Rufaa, ikafika Juu. Sina ugomvi na Kenga wala na Kombe kwa hilo, na majaji walifanya kazi yao. Ugomvi wangu unaanzia pale majaji walipoweka kalamu chini, kwa sababu hapo ndipo tulipotupwa.

Tulitupwa kwa sababu IEBC, tume ya uchaguzi, ilikuwa tupu. Mwenyekiti wake, marehemu Wafula Chebukati, na wenzake wawili walimaliza muda wao Januari 2023, na wale wanne wengine nao wakatoka, kwa kujiuzulu na kwa kuondolewa, baada ya mvutano wa matokeo ya urais. Kuanzia hapo mpaka Julai 2025, alipoapishwa mwenyekiti mpya Erastus Ethekon na wenzake, tume ya uchaguzi ya nchi nzima haikuwa na makamishna. Bila makamishna, hakuna wa kuitisha uchaguzi. Na makamishna hawakupatikana kwa sababu wakubwa wa pande zote mbili walikuwa wanavutana ni nani ataketi kwenye jopo la kuwateua. Mara mazungumzo ya serikali na upinzani kule Bomas, mara sheria mpya iliyotiwa saini Julai 2024, mara vyama vinagombania nafasi ya mtu mmoja, mara kesi. Serikali na upinzani, wote. Msinijie hapa na rangi za vyama.

Sasa tazameni tulichokosa. Juni 25, 2024, siku ile vijana walipoingia Bunge, Mswada wa Fedha ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106. Magarini haikuwa kwenye 195 wala kwenye 106. Oktoba 8 mwaka huohuo wabunge 281 walipiga kura ya kumwondoa Naibu Rais Gachagua, 44 wakakataa. Hatukuwepo. Uwe uliunga mkono au ulipinga, mtu wa Adu au Garashi hakuhesabiwa. Lakini akinunua sukari, kodi anahesabiwa.

Najua kuna atakayeniambia tulikuwa na gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake na wawakilishi wadi. Mwakilishi wa wanawake anabeba kaunti nzima yenye maeneo bunge saba. Mwakilishi wadi haingii Bunge la Kitaifa. Nani angesimama kumuuliza waziri kuhusu ardhi ya kule kwenye mashamba ya chumvi, Gongoni mpaka Marereni, ambako watu wanalia miaka na miaka kwamba wamesukumwa kando? Swali la bungeni linaulizwa na mbunge, na mbunge hatukuwa naye.

Nimekaa kwenye benchi la ofisi moja (siitaji jina) na fomu ya basari ya mtoto wa dada yangu. Imejazwa, imepigwa muhuri wa shule, imesainiwa na chifu. Karani hakuifungua. Aliiweka juu ya rundo lililokuwa limeshika vumbi, akasema, "Hii mambo ngojeni mbunge apatikane." Nikamwambia pesa za eneo bunge si za mfukoni mwa mbunge, kuna kamati. Akanitazama tu. Pembeni yangu mama mmoja alikuwa amekunja fomu yake mara nne ndani ya kanga, karatasi imeanza kuchanika kwenye mikunjo kwa kuja nayo na kurudi nayo. Waliotuacha bila mbunge walijua watoto wao hawangoji basari.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hapa Magarini tunajua kutumia kura. Wazee wetu walipata eneo bunge hili uchaguzi wa 1988, mwaka wa mlolongo, walipolazimika kusimama foleni hadharani mbele ya macho ya wakubwa. Mwaka 2002, nchi nzima imelewa muungano wa NARC, sisi tulimpa Kombe kupitia chama cha Shirikisho, na ndicho kiti pekee chama hicho kilipata. Mwaka 2007 tukampa Amason Kingi, huyu ambaye baadaye amekuwa gavana na sasa ni Spika wa Seneti. Mwaka 2013 Kombe tena, 2017 Michael Kingi, 2022 Kombe tena. Tangu 2002 kila uchaguzi mkuu kiti kimebadilisha mikono. Kura ndiyo fimbo pekee tuliyonayo, na tumeichapa bila kuogopa jina la mtu wala la chama. Fimbo hiyo ndiyo walituficha.

Hatimaye ilipofika siku yenyewe, Kombe alipata 17,909, na Kenga, safari hii na DCP, chama cha Gachagua, akapata 8,907. UDA haikusimamisha mtu, iliachia ODM. Kura 21 zimegeuka zaidi ya 9,000. Wananchi walimaliza kwa siku moja jambo ambalo viongozi walilikalia mwaka na nusu. Na mbunge tuliyempata ana chini ya miaka miwili kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027.

Watu wa eneo bunge la Banissa mliomo humu, nyinyi mliteswa kuliko sisi. Mbunge wenu Kulow Maalim Hassan alifariki Machi 2023 na mkapiga kura siku moja na sisi. Miaka miwili na miezi minane! Semeni na nyinyi.

Na wabunge mnaosoma hapa, nawauliza waziwazi. Makamishna wote saba wa sasa waliapishwa siku moja, Julai 2025, kwa muhula wa miaka sita. Kwa hivyo Julai 2031 wote watatoka kwa pamoja, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa 2032. Mswada wa kuhakikisha warithi wao wanapatikana kabla hawajatoka uko wapi, na ni nani kati yenu ameuandika?