Akili ikikataa kilichoandikwa, mtu ufuate kipi? Ushauri tafadhali

Mkorosho Pori (Newala): Wakuu, salaam. Madrasa nimesoma hadi kuhitimu msahafu, ila siku hizi silali. Kuna jambo aya iko wazi kabisa, na moyo unaniambia si haki. Nikifuata aya najiona dhalimu, nikifuata akili naona nimeasi.

Ticha Mstaafu: Soma habari za Ibn Rushd, kadhi wa Kordoba aliyefariki 1198. Yeye alishikilia kwamba ukweli haupingani na ukweli. Aya ikigongana na hoja iliyothibiti, hufasiriwa.

Abuu Twalha: Ticha, huyo alikuwa kadhi wa Kimaliki. Unadhani mirathi aligawaje?

Shangazi Mikindani: Tumbo joto la nini? Sema jambo lenyewe. Mwanamke?

Mkorosho Pori: Ni hiyo hiyo mirathi. Mzee kaacha mikorosho 90, warithi ni mimi na dada tu. Kwa An-Nisaa aya ya 11, mimi 60, yeye 30. Ila miaka tisa aliyepulizia salfa na kumgeuza mzee kitandani ni yeye. Mimi niko Dar.

Kungwi Mzee: Mmakonde wa zamani angewacheka wote. Mali ilikwenda kwa watoto wa dada, na nyie mngetoka kapa. Mjomba wangu alipofariki...

Wa Ndanda: Sisi Wakatoliki tuligawana sawa kwa sawa. Hatusalimiani hadi leo.

Abuu Twalha: Jepesi hilo. Chukua 60 zako, kisha mpe hiba 15. Aya haijaguswa, na dada ana 45.

Mkorosho Pori: Hapo ndipo panaponikera, shekhe. Kama ni haki yake, kwa nini aipokee kama fadhila ya kaka?

Shangazi Mikindani: Mwenyewe anasemaje?

Shangazi Mikindani: Weee, kimya tena?

Mkorosho Pori: Hataki. Anasema apewe 30 alizoandikiwa na Mungu, asije akabeba dhambi yangu. Lakini kwenye chama cha msingi cha wakulima wa korosho nimeshamwandikisha 45. Hajui. Msimu ukifika ataona, atanishukuru.

Abuu Twalha: Kumbe hukuja kuomba ushauri!

Pweza Mkavu: Chai hii. Juzi tu kwenye uzi mwingine ulisema unamuuguza baba peke yako.

Mkorosho Pori: Nilimaanisha gharama.

Pweza Mkavu: Ulisema unamwogesha.

Wa Ndanda: Hizo 15 kama kila mtu anazikataa, mimi nina shamba Kitangari, ni jirani.