Tupeane uzoefu: Kwenda kusoma ng'ambo au kubaki hapa Pwani

Binti wa Mikindani

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Nina umri wa miaka kumi na tisa na nyumbani kwetu ni Mikindani. Katika mtihani wa KCSE, wa kumaliza sekondari, nilipata alama ya B+, na sasa nina barua mbili ambazo zimeninyima usingizi. Ya kwanza ni ya KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, na inanipeleka Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kusomea uhandisi wa ujenzi. Ya pili imetoka katika chuo kimoja cha binafsi mjini Pune, India, kwa kozi hiyohiyo, na wamenipunguzia thuluthi moja ya karo. Baba ni karani katika yadi ya makontena na amebakisha miaka mitatu astaafu. Mama huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Mjomba hunikumbusha kila siku kwamba ngojangoja huumiza matumbo, ilhali bibi hajasema lolote, isipokuwa huniangalia kila nipitapo na pasipoti mkononi.

Pune wanataka jibu baada ya majuma mawili. Nawaomba waliokwenda, na waliokataa kwenda, waeleze yaliyowapata wao wenyewe. Ushauri wa jumla ninao wa kutosha.

Msafiri wa Changamwe

Mdogo wangu, mimi nilisoma Pune kuanzia Agosti 2021 hadi 2024, shahada ya miaka mitatu ya kompyuta, kwa hiyo nitakueleza jambo ambalo mimi sikuelezwa na mtu. Nyumbani kulifanywa harambee, majirani na watu wa msikitini wakachanga, na zilipotimia fedha za tiketi, viza na karo ya mwaka wa kwanza, kila mtu alishusha pumzi akijua kazi imekwisha. Sijawahi kuona kadi ya harambee ya mwaka wa pili.

Karo yangu ilikuwa dola 3,000 kwa mwaka, ikilipwa kwa awamu mbili. Nilipoanza, dola moja ilikuwa kama shilingi 109, kwa hiyo awamu ya dola 1,500 ilimtoka baba takribani shilingi 164,000. Januari 2024 dola ilifika kama shilingi 160, na awamu ileile, bila ya chuo kuongeza hata senti, ikawa shilingi 240,000. Mshahara wa baba ulikuwa palepale. Muhula huo jina langu liliondolewa katika orodha ya watahiniwa hadi karo itimie, na mama akauza cherehani yake, jambo ambalo nililijua baada ya kurudi, nilipoingia chumbani kwake nikaona meza iko tupu.

Nilikuwa nimejidanganya kwamba ningefanya vibarua vya jioni. Viza ya mwanafunzi ya India haimruhusu mtu kuajiriwa, na waliothubutu kuvunja sheria hiyo waliishi kwa hofu ya kufukuzwa nchini. Tena kuna kujisajili na ofisi ya wageni ndani ya siku 14 baada ya kufika, na ukichelewa unatozwa faini.

Pamoja na hayo, sijutii kwenda. Nilipata maabara zilizofanya kazi, walimu waliofika darasani kwa wakati, na wenzangu kutoka nchi ambazo nilizijua kwa ramani tu. Chakula hakimtishi mtu aliyelelewa Mombasa kwa biriani na bajia, ingawa chai yao huletwa katika vikombe vidogo mno, mafunda mawili umemaliza. Ninalokuomba ni kwamba kabla ya kujibu ile barua, uwaketishe wazee wako na umsikie mmoja wao akitamka kwa kinywa chake kwamba yeye ndiye atakayelipa mwaka wa pili, wa tatu na wa nne, na kwamba atalipa kutoka wapi. Uhandisi kule ni miaka minne, na baba yako anastaafu baada ya mitatu. Usisahau pia kwamba mkopo wa HELB, ule wa serikali kwa wanafunzi wa vyuo, haukunifuata India, ilhali wenzangu waliobaki hapa waliupata.

Mzazi wa Kisauni

Mwanangu, hebu isome tena hiyo barua, utazame kama punguzo ni la kozi nzima au ni la mwaka wa kwanza tu. Mwaka 2019 nilimlipa wakala mmoja shilingi 180,000 ili amtafutie kijana wangu nafasi ya chuo Uingereza. Ofisi yake ilikuwa na zulia na bendera mezani, nami nikaona hayo yanatosha kuwa dhamana. Barua ilikuja kweli, ila ilikuwa ya kozi ya matayarisho ya mwaka mmoja, si ya shahada, na baadaye tuligundua kwamba kijana angeweza kuiomba mwenyewe bila kumlipa mtu yeyote. Viza ilikataliwa. Nilipokwenda kudai, zulia lilikuwepo na mwenyewe hayupo. Kiwanja nilichouza hapo Mtwapa sitakipata tena kwa bei ile.

Aliyerudi kutoka Khartoum

Mimi sikulipa karo, nilikuwa na ufadhili kamili katika chuo kimoja cha Khartoum, Sudan, kwa hiyo hesabu za ndugu wa Changamwe hazikunigusa. Vita vilianza tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, nikiwa mwaka wa tatu. Tulikaa bwenini siku kadhaa tukifuturu kwa maji ya kupimiana, mpaka tukatolewa kwa mabasi. Nilirudi Mombasa na begi moja. Nakala za matokeo yangu zilibaki, na hapa nyumbani hakuna chuo kilichoweza kunipokea katika mwaka wa tatu bila ya karatasi, kwa hivyo nilianza upya mwaka wa kwanza nikiwa na miaka ishirini na minne. Ukienda, kila muhula omba matokeo yaliyopigwa muhuri na uwatumie watu wa nyumbani nakala.

Fundi wa Tudor

Mimi ni katika waliobaki. Nilisoma hapohapo unapopelekwa, na sitakuficha kwamba kulikuwa na migomo ya wahadhiri iliyotuongezea muda, na kwamba uhandisi wetu wa miaka mitano ulinichukua karibu sita. Lakini nililala kwetu, nikala kwetu, na likizo nikafanya mafunzo kazini hapa mjini, ambako wakubwa wa kampuni walinijua kwa jina kabla sijapata cheti.

Shahada ya pili nimeisomea Ujerumani. Vyuo vingi vya umma kule havitozi karo, ila baadhi hutoza, hasa vya jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu 2017 huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Watu husikia neno "bure" wakaishia hapo. Ubalozi hutaka uwe umeweka fedha za mwaka mzima katika akaunti maalumu iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904, nawe hufunguliwa euro 992 kila mwezi. Kwa euro ya shilingi 150, hiyo ni karibu shilingi milioni 1.8 kabla hujapanda ndege. Mimi niliweza kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi miaka minne na nikaweka akiba mwenyewe. Nikiwa na miaka kumi na tisa nisingeweza, na wazazi wangu wangenyamaza wakauza nyumba.

Jambo jingine: kabla ya kulipa popote, iulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama chuo hicho kinatambuliwa, na uiulize Bodi ya Wahandisi kuhusu kozi yenyewe, kwani shahada inaweza kutambuliwa na tume ilhali bodi isikusajili.

Mwana wa Majengo

Wasikutie hofu kupita kiasi. Mimi nimesoma Uturuki kwa ufadhili wa serikali yao, na nililipiwa karo, malazi, tiketi na mwaka mzima wa kujifunza Kituruki. Maombi hufunguliwa Januari, na kuomba hakuna malipo. Niliomba mara mbili ndipo nikapata. Kwa hali ya nyumbani kwetu, kama si ufadhili kamili nisingetoka.

Mkazi wa Likoni

Nikiwa ng'ambo, baba yangu alifariki alfajiri na akazikwa baada ya alasiri ya siku hiyohiyo, kama ilivyo desturi yetu. Hakuna ndege ambayo ingenifikisha. Hilo nalo lizungumzeni nyumbani kabla ya kuondoka.

Binti wa Mikindani

Nawashukuru nyote. Jana usiku niliwasomea baba na mama maneno yenu, baba akatoa kalamu. Niliwaandikia Pune kuuliza juu ya punguzo, na wamejibu kwamba ni la mwaka wa kwanza pekee. Baba aliandika karo kamili ya miaka mingine mitatu, akapigia mstari mwaka wa nne, ambao yeye atakuwa nyumbani bila mshahara, kisha akamuuliza mjomba kama angeubeba huo mmoja. Mjomba alisema atafikiria. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa akitaka sana niende, alikunja karatasi akaitia chini ya kitambaa cha meza.

Nimeikubali nafasi ya Tudor, na nimeanza kujaza maombi ya ufadhili na mkopo wa serikali. Januari nitajaribu Uturuki pia, kwa kuwa kuomba hakugharimu kitu, ingawa sijaamua nitafanya nini nikipata. Bibi amevunja kimya chake leo asubuhi, ameniuliza kama kuna gari la moja kwa moja mpaka Tudor. Nimemwambia ni magari mawili.