Unachungulia kamera kwa jicho gani? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, mimi ni mtu wa mkono wa kulia kwa kila kitu: kalamu, nyundo, mswaki. Lakini nikiinua kamera, jicho linalokimbilia kitundu cha kuchungulia ni la kushoto. Nimepiga picha hivyo miaka 6 bila kuwaza, hadi juzi kijana ninayemfundisha akaniuliza, "Kaka, mbona pua yako inalala kwenye skrini?"

Kumbe wengi wetu tuna jicho ambalo ubongo hulitegemea zaidi katika kulenga, na si lazima lifuate mkono. Wanaotumia mkono wa kulia ni karibu 9 kati ya 10, ila wenye jicho kuu la kulia ni kama theluthi mbili tu.

Kujipima: nyoosha mikono mbele, kutanisha viganja mpaka ubaki uwazi mdogo, tazama humo kitu kilicho mbali, macho yote wazi. Kisha fumba moja moja. Jicho ambalo likibaki peke yake bado unakiona kile kitu ndani ya uwazi, ndilo jicho lako kuu.

Nanyi mko upande gani, na kamera inawatendeaje?

Kidole Gumba
Mkuu, mimi niko kama wewe, na nilijua kwa uchungu. Nilikuwa napiga harusi kwa kamera yenye skrini ya kugusa, ile inayokuruhusu kusogeza kiboksi cha fokasi kwa kidole gumba huku ukichungulia. Bwana harusi anamvisha mwenzake pete, nikapiga picha 11 mfululizo. Kuja kuzifungua nyumbani, mikono ina ukungu, pazia la nyuma linaonekana hadi nyuzi zake. Pua yangu ndiyo iliyosogeza kiboksi!

Anayetumia jicho la kulia, pua yake huangukia nusu ya kushoto ya skrini, mbali na kidole gumba. Sisi wa kushoto inatua nusu ya kulia, palepale kidole kinapofanyia kazi. Maharusi niliwaomba radhi ana kwa ana, lakini ile pete haivishwi mara mbili. Siku hizi nazima mguso kabisa, nasogeza fokasi kwa kile kijiti cha nyuma. Kamera nyingi zinakuruhusu pia kuchagua sehemu ya skrini itakayopokea mguso. Kagueni menyu kabla ya kwenda kazini.

Mashoto
Mimi kinyume chenu: mkono wa kushoto, jicho la kulia. Watu hunionea huruma kwa sababu kitufe cha kupigia kiko kulia. Kubonyeza kitufe si kazi jamani. Kazi ni kubeba lenzi kwa chini na kuzungusha zumu, na hiyo ni ya mkono wa kushoto. Sijawahi kutamani kamera nyingine.

Filamu Bado
Wa jicho la kushoto mnaopiga filamu mnaujua ule wenzo wa kuvutia filamu. Uko kulia, na ukiuvuta kamera ikiwa usoni unakuchokoa paji la uso. Basi kila picha unashusha kamera, ukiirudisha mtoto uliyekuwa unampiga keshageuka. Nilipumua nilipoazimwa Exakta, kamera ya kampuni ya Ihagee ya Dresden, Ujerumani, ambayo toleo lake la filamu ya milimita 35 lilitoka 1936. Kitufe kushoto, wenzo kushoto. Kuuvuta ni safari ndefu, lakini haugusi uso wangu.

Zile zenye kitundu pembeni kabisa, kama Leica M, zinampendelea wa jicho la kulia: pua inabaki nje, jicho la kushoto linaona anayekaribia kuingia kwenye picha. Mimi nikiishika, uso wote unafichika nyuma yake.

Mama Lenzi
Jicho langu kuu lilikuwa la kulia hadi likaingiwa na mtoto wa jicho. Nikahamia kushoto nina miaka 58. Nikaona kila kitu kina ukungu, nikajua lenzi imeharibika. Kumbe kile kigurudumu kidogo kando ya kitundu kilikuwa bado kimewekwa kwa jicho la zamani. Kukirekebisha, msitazame mandhari. Tazameni tarakimu zilizo ndani ya kitundu, mzungushe hadi zikolee. Nilifanyiwa upasuaji, la kulia sasa linaona vizuri, lakini kamera bado inapanda kushoto yenyewe.

Mleta mada
Shikamoo mama, na asante. Nimekagua kigurudumu changu, kweli kilikuwa kimesogea. Kidole Gumba, pole sana.

Yule kijana naye kajipima: jicho la kulia. Miezi yote hii alikuwa akiniiga mimi, anatumia la kushoto huku akikunja uso mzima ili afumbe la pili, nami nikidhani anakazana. Jana nimemwambia ahamie kulia. Amepiga saa nzima, macho yote mawili wazi, paji la uso limelegea.