Koji Uehara: kuwekwa mwisho wa mechi ilikuwa kushushwa?

Kijana wa Katindo
Jambo bandugu. Hapa Goma wengi tunafuata foot na basket, wa beisiboli tuko wachache, lakini mimi tangu nianze kuangalia vidio za Wajapani siwezi tena kuacha. Niko na swali juu ya Koji Uehara, mrushaji wa Japani aliyeenda baadaye kucheza Marekani. Mwaka 1999, mwaka wake wa kwanza na Yomiuri Giants, alishinda mechi 20 akapoteza 4 tu, wakamupa tuzo ya Sawamura ya mrushaji bora na ile ya mchezaji mupya bora. Wakati ule ni yeye alikuwa anaanza mechi. Halafu 2007 wakamuweka mwisho, anaingia inningi ya 9, ile zamu ya mwisho, anafunga mechi, na Marekani watu wanamukumbuka kwa hiyo kazi zaidi ya ile ya kwanza. Yaya wangu hapa nyumbani anasema huko ni kushushwa, amekuwa wa benchi. Tena mpira wake haukimbii, uko mu kilomita 140 na kitu kwa saa wakati wengine wanapita 155. Juu ya nini wanamuheshimu vile?

Mama Aline, Himbi
Mwanangu, mwambie yaya wako aangalie mwaka 2013 wa Boston Red Sox. Uehara hata hakuchukuliwa kuwa kloza, yaani mrushaji wa kufunga mechi, Joel Hanrahan aliumia, Andrew Bailey naye akaumia, njo wakamupa yeye kazi, na alikuwa na miaka 38. Alicheza mechi 73, akatoa wapigaji 101 kwa straiki (zikifika tatu mpigaji anatoka), na beisi za bure alizowapa juu ya kurusha inje ni 9. Tisa, msimu muzima! Kuna fasi ilifika akatoa wapigaji 37 wakifuatana, hakuna hata mmoja aligusa beisi ya kwanza, na ujue mechi nzima bila mtu kufika beisi ni wapigaji 27. Mtu wa kushushwa hafanyi hivyo.
Mrushaji anayeanza akikosea inningi ya 2, ekipe iko na muda wa kurudisha. Kloza akikosea, watu wanarudi nyumbani. Ni kama kipa anaingizwa dakika ya mwisho juu ya penalti, kocha hamuchagui kwa kumuzarau.

Mzee wa Majengo
Niongeze juu ya kasi. Silaha yake ni spliti. Unaushika mpira katikati ya kidole cha shahada na cha kati, vidole umevipanua, halafu unarusha na nguvu ileile ya mpira wa moja kwa moja. Mpigaji anaona mkono ule ule, mzunguko anaona kama ni ule ule, anaanza kuzungusha fimbo, na mpira ukikaribia kabisa unashuka chini ya fimbo. Ukiangalia vidio pole pole tazama magoti ya mpigaji, yanakunjika kuufuata mpira. Sasa mtu mwenye hiyo spliti akiwa pia anaweza kuweka mpira wa kawaida kwenye kona anayotaka, kasi ya 155 ya nini? Na hakawii, akipata mpira mkononi anarusha palepale, mpigaji hapati nafasi ya kufikiri.

Kijana wa Katindo
Aksanti sana mama, aksanti muzee. Lakini nimeona 2011 akiwa Texas Rangers alipigwa homurani (mpira unapigwa mpaka inje ya uwanja) mechi tatu za mtoano zikifuatana, mpaka wakamuacha inje ya orodha ya World Series, ile fainali ya Marekani. Mtu anatoka namna gani pale?

Mama Aline, Himbi
Angalia tena Oktoba 2013, maana alipigwa tena! Mechi ya 3 na Tampa Bay, José Lobatón alimupiga homurani ya kumaliza mechi. Kesho yake kocha akamupa mpira tena, akafunga mechi, Boston wakapita. Raundi iliyofuata na Detroit akashinda 1, akafunga 3, hakuruhusu pointi hata moja, akawa mchezaji bora wa raundi ile. Mimi pale njo namupendea, si zile 37.

Mzee wa Majengo
Na musisahau alitoka wapi. Sekondari hakuwa hata mrushaji wa kwanza wa shule, alikuwa analinda sehemu ya mbali ya uwanja, kudaka mipira. Akakosa mutihani wa kuingia iniversite, mwaka muzima akawa anasoma mchana na kufanya kazi, ikiwa pamoja na sentineli wa usiku. Alikuwa na miaka 19. Namba 19 aliyovaa mugongoni Giants na kule Boston ni ya mwaka ule. Hapa kwetu mtoto akikosa Egzetat, mutihani wa mwisho wa sekondari, familia inalia kama kuna kilio, batoto wanafichwa, na inaniuma kila mwaka.
Alirudi Giants 2018, akastaafu Mei 2019. Ukijumlisha Japani na Marekani ana ushindi 134, sevu 128 (mechi alizofunga ekipe ikiongoza) na holdi 104 (alizoingia katikati akalinda uongozi). Kupita 100 kwa zote tatu, ni lazima uanze mechi, uingie katikati na ufunge, na vyote uvifanye vizuri.

Kijana wa Katindo
Basi nianze na mechi gani, mega zangu si nyingi?

Mama Aline, Himbi
World Series 2013, mechi ya 4 na St. Louis. Tafuta tu mwisho. Boston wanaongoza 4-2, auti mbili, Carlos Beltrán ndiye anapiga, na akipiga homurani ni sare. Wewe usimuangalie Beltrán, angalia Kolten Wong wa St. Louis pale beisi ya kwanza, amejisogeza kidogo mbali na beisi. Uehara anageuka, anarusha kule, Wong anateleza, anaguswa kabla hajarudi, hiyo ni auti ya tatu, mechi imeisha.