Kioo cha pembeni nyuma kisichofunguka kimepasuka: nichukue kipya chenye ukingo wake au cha gari lililokatwa?

Msafiri_K:

Wakuu, habari zenu. Gari ni SUV kubwa ya kifahari. Jina silitaji makusudi, maana humu ukishataja jina la gari watu wanaliacha swali wanaanza kubishana Mjerumani na Mjapani nani zaidi. Kioo chenyewe ni kile cha pembeni kushoto, nyuma ya mlango wa nyuma, usawa wa buti. Hakishuki, hakifunguki. Mtu alikuwa anafyeka nyasi kwa mashine, kokoto ikaruka, kioo kikamwagika chote. Sisemi kiliingia ufa, kilimwagika punjepunje kama chumvi ya mawe. Nyingine zimo butini, nyingine zimezama pembeni mwa kiti cha nyuma.

Kilichobaki kwenye bodi ni ukingo mweusi wa plastiki laini wenye mstari wa kromu kwa chini, na vipande vya kioo bado vimeng'ang'ania humo. Kwenye nguzo ya bodi kando ya dirisha kuna kiwaya kinaning'inia, zamani kilikuwa kimechomekwa kwenye kioo.

Nimeongea na mafundi wawili. Wa kwanza anasema kiagizwe kipya kinachokuja kimeshaumbwa pamoja na ukingo na kromu yake, na gari lilale kwake. Wa pili ana kioo cha gari lililokatwa, atakibandika kwa silikoni, saa moja niwe nimeondoka. Tofauti ya bei kati yao usiombe. Hicho kilichotumika nimekiona: umbo lilelile, lakini kimekoza weusi kuliko kile cha upande wangu wa kulia, na hakina vile vimistari vyembamba.

Je, kuna sababu ya maana ya kumfuata wa kwanza, au nalipia jina tu?

Jua_Kali_Jr:

Mkuu bandika nailoni uendelee na maisha 😂 kioo ambacho hata hakishuki unakililia nini?

Mzee wa Vioo:

Kijana hapo juu, nailoni ni ya kuzuia mvua wakati kioo kinasubiriwa, na hata hiyo ina namna yake: gundi ya karatasi ya wapaka rangi, si ile ya katoni. Ya katoni ukiiacha juani juu ya rangi ya gari, siku ya kuibandua unaondoka na ganda la rangi pia.

Msafiri, nimefanya kazi ya vioo vya magari tangu wakati vioo vingi vilishikwa na mpira wa kupachika kwa kamba. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hicho kioo kidogo watu wanakidharau, na ndicho kinacholeta vilio vingi kuliko hata kioo cha mbele.

Kwanza ujue ulichokuwa nacho. Kilivyomwagika punjepunje maana yake kilikuwa tempadi, yaani kioo kimoja kilichopashwa moto mkali kikapozwa ghafla. Hicho hakijui kupasuka nusu; kikiguswa mahali pabaya kinakwenda chote. Magari ya kifahari mengi yana laminetedi pembeni pia, vioo viwili vyembamba vyenye utando katikati, ili kelele za nje zipungue na mwizi asipite kirahisi. Hicho kingeingia nyufa kikabaki kimesimama. Sasa usije ukadhani kila kioo cha gari lako ni cha aina moja. Milango inaweza kuwa laminetedi na hicho cha nyuma kikawa tempadi, kwenye gari hilohilo.

Nenda kwenye kioo cha upande wa kulia, chini kwenye kona, kuna muhuri mdogo. Soma polepole. Utaona herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi, 11 Uingereza. Hiyo ni nchi iliyotoa kibali, wala si lazima kioo kiwe kimetengenezwa huko. Kutakuwa na 43R, ndiyo kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari. Ukiona namba ya Kirumi V, kioo kinapitisha mwanga chini ya asilimia 70, yaani weusi wake umo ndani ya kioo chenyewe, si karatasi ya tinti. XI ni laminetedi. Kama gari lilitengenezwa kwa soko la Marekani utaona AS2 au AS3: AS2 ni kuanzia asilimia 70 kwenda juu, AS3 ni cheusi zaidi. Tuletee ulichokiona.

Kuhusu vimistari: hiyo ni antena. Magari mengi ya siku hizi hayana ule mti wa antena, antena inakaa kwenye vioo vya nyuma, na kiwaya kinachoning'inia kwenye nguzo ndicho kilichokuwa kinaunganisha. Ukiweka kioo kisicho na mistari, redio itashika stesheni za karibu na kuanza kukoroma ukisogea mbali kidogo, halafu utahangaika na redio ambayo haina kosa. Kwenye baadhi ya magari mstari mmojawapo ni wa alamu, ukikatika gari linajua kioo kimevunjwa. Kwa hiyo kioo cha fundi wako wa pili, hata kabla ya kufika kwenye silikoni, si kioo cha gari lako. Kina umbo lake tu.

Sasa silikoni. Hapo ndipo nikimsikia fundi anataja, naomba funguo zangu naondoka.

Kioo hicho kimebandikwa kwa yurethani. Ni gundi inayokaza kwa unyevu wa hewa, inakuwa kama mpira mgumu, na inashika kioo na bodi viwe kitu kimoja. Silikoni inaziba maji kwa muda, lakini haina nguvu hiyo, na zile zenye harufu kali ya siki zinakula chuma palipo na mkwaruzo. Ubaya wake mkubwa unakuja baadaye: ikishapaka sehemu, yurethani haishiki tena hapo. Fundi atakayekuja kurekebisha atakwangua hadi kwenye rangi, na bado mafuta ya silikoni yanabaki. Nimeshaletewa gari la namna hiyo, kona ya juu ilikuwa na kutu chini ya silikoni upana wa vidole viwili, na mwenye gari alichokuja kulalamikia ni harufu ya zulia kuoza.

Kazi yenyewe inavyokwenda: plastiki za ndani za nguzo zinatolewa. Kabla ya kuzigusa betri inachomolewa na kusubiriwa muda unaotajwa kwenye kitabu cha gari, kwa sababu eabegi ya pazia, yaani mfuko wa hewa unaoshuka kama pazia wakati wa ajali, inapita juu ya madirisha, na kwenye magari makubwa inafika hadi nguzo ya nyuma kabisa. Ukimwona fundi anaingiza bisibisi hapo huku swichi iko on, mzuie. Zile klipu zinazoshika plastiki hizo nazo, nyingi zikitoka mara moja hazifai kurudi, ziagizwe pamoja na kioo.

Halafu ukingo wa zamani unakatwa kwa kisu au kwa waya. Yurethani ya zamani haing'olewi yote! Inapunguzwa ibaki milimita moja hadi mbili, maana gundi mpya inashika vizuri zaidi juu ya ile ya zamani iliyokatwa sasa hivi kuliko juu ya rangi. Palipokwaruzwa hadi chuma, praima ya chuma, yaani rangi ya msingi inayopakwa kabla ya gundi, inapakwa na kuachwa ikauke. Kwenye kioo kipya, ule ukanda mweusi wa pembeni unasafishwa na kupakwa praima yake. Huo ukanda haukuwekwa kwa urembo, unakinga gundi isichomwe na jua. Ndipo gundi inamiminwa kwa mkupuo mmoja, mstari wenye mgongo wa pembetatu, mwanzo na mwisho wake vikutane bila pengo. Kioo kinawekwa mara moja. Ukikiweka, ukakitoa, ukakirudisha, umeshaharibu.

Gari linalala kwa sababu gundi ya kawaida ya tyubu moja inakaza kama milimita tatu au nne kwa saa 24, kwenye joto la nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50. Hewa kavu au baridi, inachelewa. Zipo za haraka, zina muda wake umeandikwa kwenye tyubu. Mwambie fundi akuonyeshe tyubu, na tarehe ya mwisho wa matumizi uisome mwenyewe.

Msafiri_K:

Shikamoo mzee wangu. Hili ni darasa. Nimeenda kusoma: E1, 43R, ina V, na imeandikwa pia neno la tempadi. Mistari ipo upande wa kulia, sita, na mmoja umejitenga na wenzake kwa juu.

Swali dogo. Nikimpata mtu mwenye kioo kilichotumika chenye V na mistari yote, bado unakikataa? Kipya kinachukua muda kufika.

Mama Usukani:

Niongezee kidogo, maana mimi yalinikuta kwenye sedani. Kabla ya kukubali bei ya mtu yeyote hakikisha mnazungumzia kioo kimoja. Changu kilikuwa kile cha pembetatu kilicho ndani ya mlango wa nyuma, pembeni ya kinachoshuka. Fundi akanitajia bei ya kile cha kwenye bodi. Cha mlangoni kwangu hakikuwa na gundi kabisa: alifungua plastiki ya mlango, akashusha kioo kikubwa, akalegeza ile reli inayovitenganisha, kidogo kikatoka na mpira wake. Wewe cha kwako ni cha bodi kwa maelezo yako, lakini anayekuja kusoma uzi huu baadaye na alijue hili.

Halafu toa namba ya chesisi, usikubali kuagiza kwa picha. Mimi niliagiziwa kwa picha kikaja chenye ukingo wa kromu, wakati gari langu lina nyeusi tupu.

Mzee wa Vioo:

Marahaba. Mama Usukani amenena, namba ya chesisi ndiyo inayojua gari lilitoka kiwandani na kioo gani. Na wenye magari ya zamani ya kifahari wawe macho zaidi. Mercedes S-Class W140, ile iliyoanza 1991, madirisha yake ya pembeni yana vioo viwili vyenye hewa katikati. Vikianza kuota ukungu katikati hakuna dawa ya kufuta, ni kubadilisha. Mtu akikuletea cha kioo kimoja ukakipokea, gari umelishusha daraja.

Mstari wako uliojitenga unaweza kuwa wa kazi nyingine na ile mitano. Usibahatishe, kipuri chenye namba sahihi kitakuja nao.

Kilichotumika sikikatai. Nakataa kilivyotolewa. Kioo chenye ukingo ulioumbwa nacho hakitoki kirahisi, na mkata magari hana subira: anavuta waya, ukingo unachanika kona, kisha anauchomeka kwa kidole ili usione. Kishike mkononi, pinda ukingo taratibu kuzunguka pande zote. Ukiona mahali unatengana na kioo, hapo ndipo maji na mluzi wa upepo vitakapopita. Angalia vile vibati vidogo vya kuchomekea waya wa antena, vimeunganishwa kwa risasi ya kuchomelea, viking'oka huondoka na kipande cha mstari. Na ukingo wa kioo chenyewe usiwe na kipele wala mmeng'enyuko hata wa ukubwa wa punje ya mchele. Tempadi yenye jeraha ukingoni inaweza kumwagika siku yoyote bila kuguswa. Kikipita yote hayo, kichukue.

Kingine: usimruhusu fundi arudishe plastiki za ndani kabla ya kujaribu. Gundi ikishakaza, mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira, bila presha, aanzie chini kwenda juu. Ukianza juu maji yanashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Redio nayo iwashwe hapohapo, waya ukiwa umeshachomekwa.

Jua_Kali_Jr:

Mzee naomba radhi kwa ile nailoni. Kwa hiyo siku ile ya kwanza gari likilala, milango tusifungue kabisa?

Mzee wa Vioo:

Fungueni, ila acheni dirisha moja wazi kidogo. Gari la kifahari limezibwa vizuri, ukibamiza mlango hewa haina pa kutokea, inakisukuma kioo kibichi kwa nje. Na mashine ya kuosha kwa presha ikae mbali na hiyo kona siku kadhaa.

Msafiri_K:

Nimemwambia wa pili hapana. Wa kwanza nimempa namba ya chesisi, na klipu nimemwambia aziweke kwenye oda. Nimenyonya vioo kwa vakyumu butini na kwenye viti, lakini mkanda wa usalama wa kiti cha nyuma kushoto ukivutwa unasikika kama unakwaruza.

Mzee wa Vioo:

Usiutumie. Kuna punje zimeingia kwenye kile kikopo kinachorudisha mkanda ndani ya nguzo, na mkanda ukipita juu yake unakatika nyuzi kidogo kidogo. Mwambie fundi, akishatoa plastiki za nguzo, auvute mkanda wote hadi mwisho, anyonye kikopo kwa mpira mwembamba wa vakyumu, na aangalie kingo za mkanda pande zote mbili. Wenye nyuzi zilizokatika unabadilishwa, hausuguliwi wala haushonwi. Asikifungue hicho kikopo chenyewe, magari kama lako mara nyingi huwa na baruti ndogo ya kukaza mkanda ndani yake.