Naomba ushauri: niliandika "jealous", je, nimemtusi rafiki yangu?

Habari zenu wandugu. Mwenzangu tunayeuza naye mitumba Gikomba amenunua ploti Kitengela. Kwa furaha nikamtumia ujumbe kwa Kiingereza kwamba niko "jealous", nikidhani ni utani wa kumpongeza. Tangu hapo ananijibu kwa mkato.

Binti yangu wa sekondari anasema nimekosea neno: "jealousy" ni ya mtu anayeogopa kunyang'anywa chake, kama mke anayechungulia simu ya mumewe. Kutamani cha mwenzako ni "envy". Nikaona mwanga, maana hata sisi tuna wivu na tuna kijicho (ingawa hapa Nairobi vyote tunaviita wivu tu). Lakini Waingereza wenyewe nawasikia wakisema "jealous" kwa yote mawili, na hakuna anayenuna!

Wenye Kiingereza chao, nisaidieni. Nikimwandikia tena kwamba ni "envy", si nitakuwa nimekiri kijicho waziwazi? Au niachane na Kizungu, nimwambie tu hongera, nami Mungu anijalie kama hiyo? Kesho alfajiri tunafungua robota pamoja.